Ndiga: Chakula cha Njaa na Sumu Yake

Ndiga (Dioscorea dumetorum) ni kiazi cha porini ambacho wazee wa kusini mwa Tanzania walikila nyakati za njaa. Kina dihidrodioskorini, sumu iletayo degedege. Ndiyo maana walikimenya, wakakikata vipande vyembamba, wakakiloweka siku kadhaa katika maji yanayotiririka, wakakianika, ndipo wakakipika. Kuchemsha pekee hakutoshi. Mkazi wa Madaba asiye na ujuzi huo asikile.

Mhudumu wa afya, ukiletewa mgonjwa wa degedege katika miezi ya kabla ya mavuno, pima malaria na sukari. Kisha waulize ndugu: amekula nini, na kililowekwa siku ngapi? Mlaze ubavu, usimtapishe, tuliza degedege kwa diazepamu. Dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii haipo.