Somo la 12: Kuhesabiwa haki kwa imani

Katika vijiji vya Masasi na Newala Waislamu na Wakristo huishi pamoja. Hulima pamoja na kuzikana. Ni vizuri kila mtu ajue jirani yake anaamini nini. Somo hili linaeleza jambo moja kubwa katika imani ya Wakristo.

Maneno mapya

Kuhesabiwa haki: kukubaliwa na Mungu kama mtu asiye na hatia.
Neema: wema anaotendewa mtu asiyestahili.
Imani: kumtegemea mtu na kulikubali neno lake.
Komboa: toa mtu utumwani au kwenye deni.

1. Swali lenyewe

Mtu akikosa, moyo wake humsumbua. Pengine aliiba. Pengine alimnyima ndugu yake mikorosho ya urithi. Hujiuliza, "Nifanye nini ili Mungu anikubali?"

Wengine husema, "Kwanza nitatengeneza maisha yangu, ndipo niende kanisani." Wengine hutoa sadaka kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo. Lakini hawajui deni limebaki kiasi gani. Huzeeka na hofu hiyo, na pengine hufa nayo.

Wakristo hufundisha kwamba mtu huyo ameanzia mwisho. Mgonjwa hangoji apone ndipo aende hospitali ya Mkomaindo. Huenda kwa sababu anaumwa.

2. Watu wa kwanza wa misheni ya Masasi

Tutazame historia yetu. Katika karne ya 19 watu wengi wa kusini na wa pande za Ziwa Nyasa walikamatwa. Walipelekwa pwani, wakauzwa Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Hata hivyo majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri. Manowari za Waingereza ziliyakamata baadhi ya majahazi hayo. Watumwa waliokutwa ndani waliachwa huru. Baadhi yao walipokewa Unguja na misheni ya Kianglikana iliyoitwa U.M.C.A.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwenda bara pamoja na kundi la watu hao. Safari ilikusudiwa kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, walikaa. Wakajenga nyumba, wakalima mashamba. Huo ndio mwanzo wa misheni ya Masasi.

Sasa angalia lipi lilitangulia. Je, watu hao walijikomboa kwa fedha zao? La, hawakuwa na kitu. Je, walilima kwanza Masasi ndipo wakawa huru? La. Waliachwa huru kwanza, ndipo wakaja kulima. Mtumwa hulima ili asipigwe. Mtu huru hulima kwa sababu nyumba yake ipo pale.

Mfano huu una mpaka wake. Waliowaacha huru walikuwa wanadamu, wenye makosa yao. Lakini unatusaidia kuelewa: uhuru ulitangulia, kazi ikafuata.

3. Ibrahimu na tohara

Zamani za Mtume Paulo, watu fulani walisema kwamba mtu hawezi kukubaliwa na Mungu mpaka atahiriwe. Paulo aliwajibu katika barua yake kwa Warumi, sura ya 4. Aliwakumbusha habari za Ibrahimu katika kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya 15 Ibrahimu anaiamini ahadi ya Mungu, naye anahesabiwa haki. Tohara inakuja baadaye, katika sura ya 17.

Sisi tunaojua jando tunaelewa uzito wa maneno hayo. Paulo hakuidharau alama. Alisema alama ilifuata. Haikumfanya Ibrahimu akubaliwe. Ilionyesha kwamba amekwisha kukubaliwa.

4. Mungu ni wa namna gani?

Mtu aweza kuuliza, "Hakimu akimwachia mkosaji, si anapotosha haki?" Hilo ni swali zuri.

Tuseme unadaiwa magunia matatu ya korosho. Mwenye mali anakuambia, "Nimekusamehe." Je, hasara imekwisha? La. Ghalani mwake yamepungua magunia matatu. Hasara ameibeba yeye. Kila msamaha una mtu aliyebeba hasara.

Wakristo wanaamini kwamba msalabani Mungu mwenyewe aliibeba hasara ya dhambi zetu. Kama Yesu angekuwa mtu wa tatu tu, aliyelazimishwa kulipa deni lisilo lake, hiyo ingekuwa dhuluma. Lakini wao wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, naye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mwana alijitoa kwa hiari yake. Basi mwenye kudai ndiye aliyelipa.

Kwa hiyo husema Mungu ni mwenye haki, kwa maana haiiti dhambi kitu kidogo. Tena ni mwenye upendo, kwa maana hakumwachia mkosaji mzigo wake. Waislamu hawaamini hivyo juu ya Nabii Isa. Lakini sasa tunajua kwa nini Wakristo hulishika sana jambo hili.

5. Je, tukae bure?

La. Barua ya Yakobo, sura ya 2, inafundisha kwamba imani isiyo na matendo haina uhai. Mkorosho haupati uhai kwa sababu ya korosho zake. Huzaa korosho kwa sababu una uhai. Lakini usipozaa miaka yote, mwenye shamba atauliza kama mti ule u hai.

Basi aliyemnyima ndugu yake mikorosho, airudishe. Hairudishi ili anunue msamaha. Anairudisha kwa sababu amesamehewa.

6. Ugomvi na mapatano

Jambo hili liliwahi kuwagawanya Wakristo. Mwaka 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alipinga biashara ya vyeti vya msamaha. Ugomvi uliofuata ulitenga makanisa kwa karne nyingi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja. Walikubaliana kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, kwa kumwamini Kristo, wala si kwa kustahili kwake. Walikubaliana pia kwamba matendo mema ni matunda yake.

Maswali

1. Watu waliokuja Masasi mwaka 1876 waliachwa huru wapi, na walifanya nini walipofika?
2. Ibrahimu alihesabiwa haki kabla ya tohara au baada yake?
3. Mwenye mali akisamehe deni, nani hubeba hasara?

Zungumzeni darasani

Je, kuna mtu kijijini aliyekukosea, naye anaogopa kukukabili? Ukimsamehe, utabeba hasara gani?

Zoezi

Andika sentensi tatu ukitumia maneno haya: neema, imani, komboa.