Dondoo muhimu: Kufunga taa ya LED ya ziada kwenye bodaboda

Taa ya kuongeza humsaidia sana dereva wa usiku, lakini waya zikiungwa ovyo humaliza betri na zinaweza kuunguza pikipiki.

1. Chomoa kwanza waya hasi wa betri, ndipo uguse kingine.
2. Soma wati: taa ya wati 36 kwa volti 12 hula ampea 3, hivyo fyuzi ya ampea 5 inatosha.
3. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Wengi huiweka kwenye taa, na waya wote ulio kabla yake hubaki bila ulinzi.
4. Usidandie waya wa taa ya zamani. Tumia rilei inayowashwa na waya wa swichi ya funguo, ili taa izimike pikipiki ikizimwa.
5. Kwangua rangi ya fremu mpaka chuma king'ae kabla ya kufunga waya hasi.
6. Epuka bomba la moshi. Geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama waya unavutika.
7. Lehemu viungo, tepu peke yake huachia kwa joto na mvua.
8. Inamisha mwanga kidogo, tafadhali: dereva wa lori uliyempofusha hakuoni.