Pumzi ya Mtoto Mwenye Mafindofindo

Somo la toleo hili ni pumzi ya mtoto mwenye mafindofindo, au tonsesi kama wengi wetu tunavyoyaita.

Mafindofindo yakivimba mara kwa mara huwa na vishimo vinavyonasa mabaki ya chakula na usaha. Bakteria huyaozesha na kutoa gesi zenye salfa. Hiyo ndiyo harufu anayoisikia mama mtoto akipiga miayo asubuhi. Alama nyingine haina harufu. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kuwa pumzi tunayotoa ina gesi ya naitriki oksaidi. Siku hizi hupimwa kwa wenye pumu, na kwa mtoto kiasi cha zaidi ya sehemu 35 katika bilioni huhesabiwa kuwa kikubwa. Lakini virusi vya koo na mafua navyo huweza kuipandisha, kwa hiyo ni vema mtoto apone koo kwanza ndipo apimwe.

Mafindofindo yakiondolewa hospitali, vile vishimo huondoka pamoja na harufu yake. Mzazi asishtuke harufu ikizidi kwa wiki moja au mbili wakati kidonda kinapona. Damu ikitoka, arudi hospitali mara moja. Harufu ya meno mabovu na ulimi mchafu haitaondoka kwa kisu, na kusema kweli hiyo ndiyo iliyo nyingi. Madaktari hufikiria upasuaji mtoto akiugua mara 7 kwa mwaka, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Kabla ya hapo ni dawa: koo la bakteria likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku 9, moyo wa mtoto hukingwa na homa ya baridi yabisi.

Linalonisumbua zaidi ni kukata kimeo, desturi iliyopo sehemu nyingi za Tanzania. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, si mafindofindo. Kukikata hakuponyi kikohozi wala harufu, bali huleta kutoka damu, pepopunda na hata virusi vya UKIMWI kwa wembe uliotumika. Wapo watoto waliokufa.

Mtoto wa Makangale akipewa rufaa ya Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, hukatiza karibu kisiwa kizima, kaskazini hadi kusini, pamoja na mzazi wake. Nauli ya wawili, kwenda na kurudi, na chakula cha siku watakazolala huko, tunaomba viwe na fungu lake katika bajeti za kamati.