Mnyapara Mkristo na Hesabu ya Mzigo

Watu wengi hudhani kwamba Ukristo wa mkubwa wa kazi hupimwa kwa mambo yanayoonekana: kwamba hakosi Misa ya Dominika, kwamba hana matusi, kwamba ametundika msalaba ofisini mwake. Hayo ni mema, wala hatuyadharau. Lakini leo twataka kusema juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni gumu zaidi, yaani hesabu. Asimamiaye wengine amekabidhiwa kuhesabu jasho lisilo lake.

Na tuutazame mkonge wa Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyopona ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwa miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyoenea Pangani, Muheza na Korogwe, hata mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi.

Waliokata mkonge huo wengi walitoka mbali: Songea, Kigoma, Unyamwezi, hata Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Yafaa tulifikiri neno hilo. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina la ukoo, pengine na jina la ubatizo pia, akafika Korogwe akawa namba. Alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na malipo yalingoja zijae zote. Aliyetia alama katika kipande hicho hakuwa tajiri mwenye shamba, ambaye manamba alimwona kwa nadra. Alikuwa mnyapara au karani, mtu wa lugha yake, pengine wa dini yake. Mnyapara akisema kazi haikutimia, siku ile haikuandikwa, na jua lilikuwa limemchoma mkataji bure.

Mashamba yamebadili wenyewe mara nyingi. Wajerumani waliondoka, wakaja wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wafanyakazi waligoma mahali pengi, Mazinde pakiwamo. Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba, na baadaye yakarudi tena mikononi mwa makampuni na wakulima wadogo. Lakini mpaka leo mkataji hufunga mizigo yake, huipanga, kisha husimama kando akingoja mtu mwingine aje kuihesabu. Hapo ndipo twataka Mkristo ajitazame.

Makosa yenyewe twayajua. Mzigo mzuri huitwa mbovu, ili upite bila kuandikwa. Ndugu wa msimamizi hupewa mahali penye majani marefu, mgeni hupelekwa palipokwisha kukatwa. Anayetaka kazi huambiwa mkono mtupu haulambwi, na akiwa mwanamke, yako madai mengine ambayo ni aibu kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Mambo haya hayako katika mkonge peke yake. Yamo bandarini, viwandani, katika ofisi za Serikali, na, tusijifiche, hata katika taasisi zinazoongozwa na sisi Wakristo.

Kanisa halikunyamaza juu ya haya. Papa Leo XIII aliandika barua yake Rerum Novarum mwaka 1891, miaka miwili kabla ya mkonge kufika Pangani. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Lazima umwezeshe mfanyakazi mwenye kiasi kuishi. Katekisimu nayo yauhesabu udhalimu juu ya ujira wa mfanyakazi kuwa mojawapo ya dhambi zinazomlilia Mungu, pamoja na damu ya Abeli. Mnyapara atasema: mshahara haukupangwa nami. Ni kweli. Lakini hesabu i mkononi mwake, na mzigo uliofutwa ni ujira uliozuiwa.

Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu yumo mtu ambaye wahubiri humpita upesi. Jioni mwenye shamba alimwita msimamizi wake, akamwagiza awalipe watu kuanzia wa mwisho. Msimamizi huyo hasemi neno lolote. Fedha yote ilipita mikononi mwake, na waliochoka kwa jua walinung'unika sana. Lakini manung'uniko yao yalikuwa juu ya ukarimu wa bwana kwa wengine. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba msimamizi alimpunja. Kwa maoni yetu hiyo ni sifa kubwa kwa mtu wa cheo chake.

Hatusemi kwamba msimamizi mwema ni yule anayeandika hata mzigo usiokuwapo, ili apendwe. Huyo huiba kutoka upande wa pili. Wala mkubwa ni jaa haina maana kwamba avumilie uvivu.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba habari hii ni ya waume zao tu. Nyumba yenye msichana wa kazi ina mnyapara ndani yake. Je, mshahara wake hulipwa siku iliyopatanwa, au hungoja ada za shule zilipwe kwanza? Sahani iliyovunjika hukatwa kwa bei gani? Aitwa kwa jina lake, au ni "wewe" tu kuanzia alfajiri? Watoto walioketi mezani huona haya yote, na kesho watasimamia watu jinsi walivyoona yakitendwa nyumbani.

Limebaki swali ambalo wengi hulikwepa. Mtu aliyewapunja watu miaka mingi, sasa ametubu: afanye nini? Kuungama ni lazima, lakini haki yadai pia kurudisha. Mwenye mali akijulikana, arudishiwe yeye; akiwa amekufa, wapewe warithi wake; asipojulikana kabisa, ndipo fedha hiyo hupewa maskini. Haimlazimu kujitangaza mbele ya kijiji. Yaweza kupitishwa kwa mtu wa siri. Ikiwa faida iliingia kwa tajiri wala si mfukoni mwake, na amwendee tajiri kwanza, amweleze, amwombe alipe. Tajiri akikataa, yeye aliyefuta mizigo bado anahusika na hasara aliyoisababisha. Asikimbilie kutoa sadaka kubwa kanisani na kuona kwamba deni limekwisha, maadamu mkataji mwenyewe yuko Muheza na nyumba yake yajulikana. Na kama hawezi kukumbuka ni kiasi gani, achukue madaftari yake ya zamani, akae na muungamishi wake, wahesabu pamoja.