Muguka Shambani, Wasiwasi Moyoni

Unalima muguka Kiritiri, au miraa kule Maua. Karo ya watoto imetoka shambani humo, na mabati ya nyumba pia. Lakini ukimkuta mwanao saa nne asubuhi shavu limejaa majani, moyo unakuuma. Unaamini zao hili ni riziki, na papo hapo unaamini si la mwanao. Mvutano huo ndio wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia, huuita mgongano wa mawazo. Mmarekani Leon Festinger aliueleza kitabuni mwaka 1957.

Je, ni ugonjwa? La. Huwapata watu wote wenye akili timamu. Shida ni namna tunavyoutuliza, maana kisingizio ni rahisi kuliko kubadilika. Kwa mfano, Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hiyo kwa muda. Wakulima walishusha pumzi, na walikuwa na haki. Ila ukijisikia ukisema, “Mahakama imeruhusu, basi haidhuru,” simama hapo. Mahakama ilishughulikia biashara. Habari za mwanao bado ziko mikononi mwako.

Ufanye nini? Chukua karatasi, uandike imani zote mbili kwa lugha unayoiwazia, iwe Kimeru au Kimbeere. Chini ya kila moja andika jambo unaloweza kulifanya wiki hii. Chini ya “Muguka hunilipia karo” andika: nitaendelea kuvuna, lakini kipande kile cha chini nitapanda ndengu. Chini ya “Sitaki mwanangu atafune” andika: akichuma nitamlipa pesa, si majani, na siku za shule hachumi. Usitafute kufuta imani moja. Kwa maoni yangu, mzazi anayekiri zote mbili mbele ya watoto huaminika zaidi kuliko anayekemea huku akificha gunia.

Kisha ongea na mwenzi wako, au mtu wa kanisani unayemwamini.

Na kijana anayetafuna akikosa usingizi, akiacha kula au akisikia sauti zisizokuwepo, usingoje. Mpeleke hospitali ya rufaa ya Embu au Meru, uulizie huduma za afya ya akili na ada zake mapema. Ukitaka ushauri kwanza, piga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na mihadarati. Simu hiyo ni bure.