Somo la 12: Mzee Anapochelewa Kujibu

Ndugu msomaji, leo tutasoma juu ya ugonjwa unaoitwa Parkinson. Tamka hivi: Pa-kin-soni. Huwapata zaidi watu wazima na wazee. Watu wengi wanautambua kwa kutetemeka. Lakini ugonjwa huu haushiki mikono na miguu tu. Unagusa pia jinsi mtu anavyofikiri. Jambo hilo la pili ndilo somo letu, kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi nyumbani.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nafundisha kisomo katika kijiji kimoja chenye migomba na kahawa. Kati ya wanafunzi wangu alikuwamo mzee wa miaka kama 65. Alijifunza kusoma ukubwani. Siku alipoweza kuandika jina lake, alikwenda nyumbani akawaambia wajukuu kwamba dole gumba lake sasa limestaafu.

Baada ya muda mwandiko wake ukabadilika. Mstari ulianza na herufi kubwa kama zamani, lakini kila neno lililofuata lilikuwa dogo zaidi. Mwisho wa mstari herufi zilikuwa kama sisimizi. Mkono wake wa kulia ulitetemeka ukiwa umelala tu juu ya meza. Alipokamata kalamu ulitulia kidogo. Uso wake ulikuwa mkavu. Hata darasa zima lilipocheka, yeye hakuonekana kucheka.

Nilipomwuliza swali alinyamaza. Mimi nilihesabu moja, mbili, tatu, kisha nikamwuliza jirani yake. Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi. Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake, "Mzee, naona siku hizi hujisomei nyumbani."

Mke wake naye alikuwa mwanafunzi wetu. Akasimama, akasema, "Mwalimu, usimkimbize. Yuko njiani anakuja."

Tukangoja kimya. Mzee akajibu, na jibu lake lilikuwa sahihi. Niliona haya.

Kwa nini alichelewa?

Ndani ya ubongo kuna kitu kinachoitwa dopamini. Kazi yake ni kupeleka habari kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine, kama tarishi anavyopeleka barua ofisini. Katika ugonjwa wa Parkinson, chembe hai zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Basi matarishi wanapungua. Mara nyingi barua haijapotea, ila inachelewa kufika. Ugonjwa ukiendelea, sehemu nyingine za ubongo nazo huguswa. Kwa watu wengi sababu ya chembe hizo kufa haijulikani. Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja.

Ugonjwa umepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika habari zake mwaka 1817. Yeye aliandika kwamba akili ya mgonjwa haiguswi. Hapo hakuwa sahihi, na sasa madaktari wanajua hivyo. Hapa kwetu Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Taarifa yao ilitoka mwaka 2008. Walikuta watu 33 wenye ugonjwa huu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Fikiria nyumba hizo. Mzee anabadilika, na hakuna anayejua jina la jambo hilo. Hapo ndipo maneno ya uchawi huingia.

Sasa tazama mabadiliko yenyewe. Si kila mgonjwa huyapata yote.

La kwanza umekwisha liona: fikra huenda polepole. La pili ni kushindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Mzee wetu alikuwa akitembea vizuri njiani. Ukimsalimu, husimama kwanza ndipo akujibu. Watu walisema anaringa. Haringi. Kutembea kwenyewe sasa kunahitaji akili yake yote. Kwa hiyo usimwulize habari za mbuzi wakati anavuka mfereji, maana anaweza kuanguka.

Kupanga kazi pia huwa kugumu. Mama aliyepika miaka 40 anaweza kusimama jikoni asijue aanze na maji au na kuni. Kila hatua anaijua. Mpangilio ndio unaomponyoka. Mwambie hatua moja, aimalize, kisha umwambie nyingine. Na anapotafuta neno au jina, mpe mwanzo wake tu. Mara nyingi atalimalizia mwenyewe, kwa sababu limo.

Wengine hupoteza hamu ya kazi na mazungumzo, au huwa na huzuni nzito. Huzuni hiyo nayo husahaulisha. Mwambie tabibu, kwa sababu inatibika.

Nirudi kwa mzee wetu. Mwanawe mkubwa alikuja kutoka mjini na hati ya kuuza kipande cha shamba, apate karo ya watoto. Shida yake ilikuwa ya kweli. Mimi niliitwa kuwa shahidi. Nilipotoa kalamu, kijana akasema, "Weka tu, mwalimu. Baba siku hizi haelewi. Nimeleta wino, aweke dole gumba tumalize."

Mzee akanyoosha mkono, akaomba karatasi. Akasoma. Mwenyekiti wa kitongoji akatazama saa. Kijana akatikisa mguu. Mzee akaendelea kusoma, kidole kikifuata mstari. Nadhani zilipita dakika kumi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na sehemu ya chini ya mfereji, nayo imo?"

Tukasoma tena. Ilikuwamo. Hiyo ndiyo sehemu anayolima mke wake magimbi na mboga. Kijana akasema mwandishi wa hati amekosea. Labda ni kweli. Karatasi ikarudi mfukoni. Wiki iliyofuata ikaja nyingine, na sehemu ile haikuwamo. Mzee akatia sahihi kwa mkono wake. Herufi zilikuwa ndogo sana, lakini lilikuwa jina lake.

Ndugu msomaji, usidhani mambo yalibaki hivyo. Miaka 2 baadaye mzee hakuweza tena kufuata maneno ya hati. Wagonjwa wengi hufika hapo baada ya miaka mingi ya ugonjwa. Kwa bahati, wakati akili yake bado ina nguvu, alikuwa ameandika mapenzi yake juu ya shamba mbele ya mashahidi. Mke wake ndiye aliyemhimiza. Kama una mgonjwa nyumbani, mambo ya namna hii yafanyeni mapema, na mzee mwenyewe awepo.

Alianza pia kuona maruweruwe. Jioni moja alimwuliza mkewe, "Yule mtoto aliyekaa mlangoni umempa uji?" Mlangoni hapakuwa na mtoto. Palikuwa na koti limetundikwa. Mama hakumcheka wala hakubishana naye. Alisema, "Mimi simwoni, lakini usiogope." Akawasha taa, akaondoa koti. Kesho yake akaenda kutoa taarifa kituo cha afya. Maruweruwe haya hutokana na ugonjwa, na mara nyingine na dawa zake. Si mizimu.

Hapa soma polepole. Mabadiliko niliyoeleza huja kwa miezi na miaka. Mgonjwa akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo ni hatari nyingine. Inaweza kuwa malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, homa ya mapafu, kukosa maji mwilini au dawa mpya. Mpeleke kwa tabibu siku ileile. Usiseme ni uzee.

Neno juu ya dawa. Dawa kubwa ya ugonjwa huu inaitwa levodopa. Haiponyi, lakini inasaidia mwili kusogea. Fikra inazisaidia kidogo tu. Usiikatize ghafla bila kumwuliza tabibu, maana mgonjwa anaweza kuumia vibaya. Ipo pia benzheksoli, inayopewa watu wanaotetemeka. Kwa wazee inaweza kuongeza kusahau na kuchanganyikiwa. Mgonjwa akiona maruweruwe, mtu asiyejua habari zake anaweza kumpa haloperidoli au klorpromazini. Dawa hizo huzuia kazi ya dopamini, na mgonjwa huyu anaweza kukakamaa. Kwa hiyo ukifika zahanati au hospitali, neno lako la kwanza liwe hili: "Huyu ana ugonjwa wa Parkinson." Liandike kwenye karatasi, uliweke pamoja na kadi yake. Sasa unajua kuandika.

Mzee wetu alikuja darasani mpaka miguu ilipokataa. Nilimpa kiti karibu na mlango, na swali lake nilimpa kwanza. Kisha niliendelea na wengine, na nilimrudia alipoinua kichwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Je, kijijini kwenu yuko mtu ambaye hujibu polepole? Watu husema nini juu yake?

2. Kijana alisema, "Baba siku hizi haelewi." Ungekuwa wewe shahidi, ungefanya nini?

3. Bibi mwenye ugonjwa wa Parkinson alikuwa mzima juzi. Leo hajui yuko wapi, na mwili una joto. Utafanya nini kwanza?

4. Andika kwenye daftari lako maneno utakayomwambia tabibu ukimpeleka mgonjwa wa Parkinson.