SOMO LA MWEZI: WALIOPITA KILIMATINDE

Kabla ya kuanza someni Waraka wa Paulo kwa Filemoni.

1. Njia
Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita katika mkoa wetu. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikavuka pori la Mgunda Mkali lenye shida ya maji, ikafika Tabora hata Ujiji. Mwaka 2006 njia hiyo, Kilimatinde ikiwemo, iliingizwa katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia.

2. Ukoo uliohamia magharibi
Muhammed bin Juma el Murjebi, mfanyabiashara kutoka Unguja, alifanya makao Tabora, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mwanawe Hamed, ndiye Tippu Tip, alivuka Ziwa Tanganyika, na mwaka 1875 akaweka makao Kasongo, nchi ya Manyema. Alifariki Unguja mwaka 1905. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yakapigwa chapa.

3. Waliotumikishwa
Si kila mpagazi alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kwa ujira. Lakini mashamba ya Kasongo yalilimwa na watumwa. Wengine walipewa bunduki wakateke wenzao. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtumwa katika ujana wake, alipanda cheo akawa jemadari wa Tippu Tip, naye akashambulia vijiji. Maofisa wa Dola ya Kongo walimwua mwaka 1893. Kiswahili nacho kilienea Kongo mashariki kwa vinywa vya watu wa misafara hiyo, watumwa wakiwamo. Ukoo wa bwana twaujua baba kwa mwana. Majina ya watumwa walio wengi hayakuandikwa.

4. Fundisho
Paulo alimtaja mtumwa Onesimo kwa jina lake, akamwita ndugu. Tanganyika ilikomesha utumwa kwa sheria mwaka 1922, lakini sheria haifungi ulimi. Posa ikikataliwa kwa sababu “ukoo ule ni wa watumwa”, aibu anatwishwa mjukuu wa aliyetekwa, wala si mjukuu wa mtekaji. Jambo hilo lisionekane kwetu.

Maswali ya kujadili
(a) Wazee wa mtaa wenu wasimulia nini juu ya misafara?
(b) Je, yuko kati yetu anayedharauliwa kwa ajili ya asili yake? Tufanye nini?